Ross Ashby, daktari aliyeunda mashine inayojipanga upya

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Jumapili asubuhi, Januari 27, 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Waliokuwa na meza pale hawahitaji kukumbushwa. Moto ulikula vitenge, viatu, vyombo vya plastiki, fedha zilizofichwa chini ya meza na daftari za madeni. Lakini hazikupita wiki nyingi kabla mji haujaanza kuuza na kununua tena: Ruvumera kule Buyenzi, kwa Siyoni, Cotebu, Kinama na kando ya barabara. Hakuna mtu aliyekaa na ramani akampangia kila mmoja pa kwenda. Mwenye vitenge aliwatafuta wateja wake kwa simu, mwenye gari la Uvira akauliza mzigo ushushwe wapi, mama wa chai akawafuata wachukuzi. Wengine hawakusimama tena, maana mali iliungua na mkopo wa benki ukabaki. Hata hivyo, biashara ya mji haikufa.

Kundi la watu wengi, kila mmoja na shughuli yake, linavunjikaje na kujipanga tena bila mkuu wa kuamrisha? Swali hilo leo linawashughulisha sana watengenezaji wa programu za kompyuta. Programu nyingi tunazozitegemea, za fedha za simu, za forodha, za kufuatilia makontena kutoka Dar es Salaam, si programu moja kubwa. Ni viprogramu vingi vinavyoshirikiana, na wataalamu huviita mawakala. Wakala wa aina hii hana kibanda wala mwavuli, lakini jina linamfaa: ana kazi yake, anaona sehemu yake tu ya mambo, na anaamua mwenyewe ndani ya mipaka aliyopewa. Kazi ngumu ni kuwaunda mawakala hao ili mmoja akifa, au njia ikikatika, waliobaki wagawane kazi upya bila kumsubiri fundi.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulijibu swali hili kwa mashine ya kushikika alikuwa daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jina lake William Ross Ashby.

Alizaliwa London Septemba 6, 1903, akasoma shule huko Edinburgh, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge alikojifunza elimu ya wanyama, na baadaye udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's ya London. Mwaka 1928, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alinunua daftari na kuanza kuandika mawazo yake kuhusu ubongo. Hakuacha kwa miaka 44. Daftari moja lilipojaa alifungua jingine, akiendeleza namba za kurasa palepale alipoishia, mpaka zikafika kurasa 7,189 katika daftari 25. Alitengeneza pia kadi za faharasa ili wazo la mwaka 1930 alipate kwa dakika moja mwaka 1950. Mfanyabiashara anayetunza vizuri daftari la mikopo atauelewa moyo wa mtu huyu.

Kwa miaka mingi hakumwonyesha mtu kazi hiyo. Mchana alikuwa daktari wa kawaida wa hospitali za wagonjwa wa akili, kwanza Leavesden karibu na London, halafu kuanzia 1936 huko Northampton alikofanya kazi ya maabara. Mwaka 1931 alimwoa Elsie Maud Thorne, wakajaliwa mabinti watatu. Makala yake ya kwanza juu ya mambo aliyokuwa akiyaandika kimya kimya ilitoka mwaka 1940, miaka 12 baada ya daftari la kwanza.

Swali lake linasikika jepesi. Mtoto wa paka akiwekwa mbele ya moto kwa mara ya kwanza hajui la kufanya. Anausogelea mno, anaungua, anaruka mbali, anaona baridi, anarudi. Baada ya muda anajua mahali pa kulala: si mbali, si karibu, na moto ukipungua anasogea. Ubongo wake umejipanga. Lakini ubongo ni nyama na umeme, na kila sehemu yake inafuata sheria za maumbile kama gurudumu la saa. Kitu kinachofuata sheria bila kupinda kinawezaje kubadilika na kuwa bora?

Jibu alilolifikia Ashby ni kwamba kiumbe ana mambo machache ya lazima ambayo yasipobaki ndani ya mipaka fulani, anakufa: joto la mwili, sukari katika damu, maji. Kila kitu kikiwa ndani ya mipaka, hakuna haja ya kubadilisha chochote. Jambo moja la lazima likivuka mpaka, ndipo viungo vya ndani vinabadilishwa, hata kwa kubahatisha, kisha vinajaribiwa. Mpango mpya ukishindwa kurudisha utulivu, unatupwa na mwingine unajaribiwa. Ukifaulu, unabaki, kwa sababu tu hakuna tena kinachousukuma kuondoka.

Mwaka 1945 jeshi lilimpeleka India kama daktari, akarudi 1947 na kuwa mkuu wa utafiti katika hospitali ya Barnwood House, Gloucester. Huko ndiko alikojenga mashine iliyompatia jina. Lazima niseme pia kwamba hospitali za akili za wakati huo zilikuwa zikiwapiga wagonjwa shoti ya umeme kichwani na kuwapasua ubongo, na Ashby alizifanyia utafiti tiba hizo. Alitumaini kwamba kuutikisa ubongo kwa nguvu kungeweza kuulazimisha utafute mpango mwingine. Wagonjwa wengi wa enzi ile, Ulaya na Marekani, waliumia kwa matumaini ya namna hiyo. Wanaomsifu leo katika vitabu vya kompyuta hupenda kuiruka sura hiyo.

Mashine yake aliiita homeostati, na ilianza kufanya kazi Machi 16, 1948. Ilitengenezwa kwa vifaa vya kijeshi vilivyobaki baada ya vita, vya ndege za mabomu za Uingereza, na gharama yake ilikuwa pauni 50 hivi. Ilikuwa na masanduku manne. Juu ya kila sanduku palikuwa na mshale wa sumaku, ncha yake ikiwa na waya uliochovya katika kijibirika cha maji. Mahali mshale ulipokaa ndipo palipoamua kiasi cha umeme unaokwenda kwenye masanduku mengine matatu, na kila sanduku lilipokea umeme wa wenzake. Kwa hiyo ukilisukuma moja, yote manne yalitikisika.

Mishale ikikaa katikati, mashine ilitulia. Mshale mmoja ukienda pembeni na kuvuka kikomo, swichi ya sanduku lile iliruka hatua moja na kubadilisha namna linavyoungana na wenzake. Swichi ilikuwa na nafasi 25, zilizopangwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye jedwali la namba. Kwa masanduku manne hiyo ni mipango 390,625. Mashine ilikuwa ikigonga ta-ta-ta, ikijaribu mpango baada ya mpango, hadi mishale yote inarudi katikati na kelele zinakoma.

Ashby aliitesa. Aligeuza nyaya ili umeme uende kinyume. Mashine iliyumba, ikagonga, ikapata mpango mwingine, ikatulia. Aliifunga mishale miwili kwa kijiti chembamba cha kioo ili kila mmoja ulazimike kufuata mwenziwe, jambo ambalo hakuliwaza alipokuwa akiijenga. Ikapata mpango tena. Hakuna sanduku lililojua kilichotokea wala lililokuwa mkubwa wa mengine. Kila moja lilijua jambo moja tu: mshale wangu uko ndani ya mpaka au nje?

Magazeti ya Uingereza yaliandika habari za ubongo wa mashine, na jarida la Time la Marekani likafuata mwaka 1949. Wanasayansi wenzake hawakukubaliana. Grey Walter wa Bristol, aliyetengeneza kobe wa umeme wanaotembea sakafuni, aliitania kwamba ni mashine ya kulala tu, kama paka wa jikoni anayeamka akiguswa na kutafuta mkao mwingine. Nadhani utani huo ulikuwa sahihi, nao hauipunguzii mashine hadhi. Mfumo wa kutuma fedha unaolala vizuri usiku ndio tunaoutaka. Mwaka 1952, katika mkutano wa wataalamu huko New York, wengine walimhoji kwa ukali: mashine inayobahatisha mpaka ipatie, imejifunza nini?

Hata kabla haijajengwa, mwaka 1946, Alan Turing, baba wa kompyuta, alikuwa amemwandikia barua akimshauri asihangaike na mashine maalumu. Kompyuta aliyokuwa akiibuni Turing ingeweza kuigiza mashine yoyote, mradi iandikiwe maagizo. Ashby hakumfuata, akajenga masanduku. Baadaye walikutana mara nyingi katika Ratio Club, kundi la madaktari na wahandisi lililoanza mwaka 1949 na kukutana katika hospitali moja London. Historia imempa Turing ushindi katika hili: mawakala wa leo ni maagizo yaliyoandikwa, hawana maji wala sumaku.

Kushindwa kwake kukubwa ndiko, kwa maoni yangu, kunakotufundisha zaidi. Baada ya homeostati alitaka mashine kubwa zaidi, akaanza kujenga nyingine ya valvu za redio 100 hivi. Aliifanyia kazi miaka kadhaa, na haikumpa alichotaka. Lakini katika kuhangaika nayo alilielewa tatizo, na akaliweka katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ubongo, lililotoka 1960 likiwa limeandikwa karibu upya.

Tulieleze kwa sarafu. Una sarafu kumi na unataka zote zionyeshe kichwa. Ukizirusha zote kwa pamoja, na ikikosea hata moja unazirusha zote upya, kwa wastani utarusha mara 1,024. Ukirusha moja moja, ukaiacha iliyopatia na kuendelea na inayofuata, ni mara 20. Na ukizirusha zote pamoja lakini zilizopatia ukaziacha mezani, raundi tano hivi zinatosha. Sasa fikiria sarafu 1,000. Njia ya kwanza inahitaji idadi ya marusho yenye tarakimu 302, na dunia haina muda huo. Njia ya tatu bado ni raundi chache, kumi na moja hivi.

Hapo ndipo Ashby alipoona kosa la mashine yake ndogo. Masanduku manne yaliyofungamana kabisa yanaweza kujipanga upya kwa dakika. Masanduku 100 yaliyofungamana vilevile hayatajipanga milele, kwa kuwa kila moja likibadilika linaharibu walichopata wengine. Kumbe sehemu zinatakiwa ziungane kwa kulegea: ziguse zinapohitajiana, zitengane zinapotulia, na kila moja ibaki na kile ilichokwisha kupatia. Mpaka wetu na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, aliyekuwa na mzigo wake wote katika njia ile aliumia kuliko mwenye wateja Kigoma, Uvira na Kobero, ambaye alibadilisha upande mmoja tu na kwingine akaendelea kama jana.

Waundaji wa mifumo ya mawakala wengi wanaifuata kanuni hiyo, wawe wamemsoma Ashby au hawajamsoma. Mwaka 1980 Reid Smith alieleza utaratibu unaofanana na mnada. Wakala mwenye kazi huitangaza kwa wenzake, wenye nafasi hutoa zabuni, anayefaa hupewa. Akinyamaza kabla ya kumaliza, kazi inatangazwa tena. Mwaka 1992 Marco Dorigo, Mwitaliano, alitumia mfano wa chungu wanaoacha harufu njiani kutafuta njia fupi ya mchuuzi anayepaswa kupita miji mingi. Intaneti yenyewe haina dereva mmoja: nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika katika ukanda wetu Mei 12, 2024, mawasiliano yalikuwa mazito kwa siku kadhaa, lakini mitambo ilihamishia sehemu ya mzigo kwenye njia zilizobaki.

Kitabu chake cha 1956, kinachofundisha elimu ya uongozaji wa mitambo na viumbe, kilikuwa na kanuni nyingine iliyomfanya ajulikane hata kwa mameneja wa viwanda. Mwongozaji lazima awe na majibu ya aina nyingi angalau kama matatizo yanavyokuja kwa aina nyingi. Mwenye muhuri mmoja tu hawezi kuhudumia foleni yenye nyanya, dagaa, simenti na pikipiki za kukarabatiwa. Ama atapata majibu zaidi, ama foleni italazimishwa ifanane, na wenye nyanya wataoza nazo. Mfanyabiashara aliyelala kwenye kituo cha mpaka anaijua kanuni hii bila kuisoma.

Mwaka 1961, baada ya muda mfupi akiongoza taasisi ya utafiti wa ubongo Bristol, Ashby alihamia Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, katika maabara ya Heinz von Foerster. Alifundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1970. Wakati huo mashine zinazojipanga zenyewe zilikuwa wimbo wa kila mkutano. Yeye aliyeianzisha hoja hiyo ndiye aliyeimwagia maji. Katika makala ya mwaka 1962 alieleza kwamba, kwa maana kamili ya neno, hakuna mashine inayojipanga yenyewe. Mabadiliko huletwa na kitu cha nje kilichounganishwa nayo, na mpango hauwezi kuitwa mzuri au mbaya mpaka mtu aseme ni mzuri kwa kazi gani. Katika homeostati, masanduku hayakuchagua vikomo vya mishale. Aliviweka Ashby.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Nchi za Jumuiya zinaendelea kuunganisha mifumo ya forodha, na tunaambiwa kwamba mifumo mipya itajirekebisha yenyewe hali ikibadilika. Inawezekana kabisa. Lakini kila wakala ndani ya mfumo huo amewekewa kikomo, na mfumo utajipanga upya kikomo hicho kikivukwa, si kingine. Kama kikomo ni mapato ya siku, mfumo utatulia mapato yakitimia, hata foleni ya malori ikifika kilomita mbili. Kama muda wa mama mwenye kikapu cha ndagala kusubiri ni mmoja wa vikomo, mfumo utahangaika mpaka apite. Wanaoketi mezani kuandika vikomo hivyo ni wahandisi na maofisa. Sijawahi kumwona mchuuzi wa mpakani katika mikutano ya namna hiyo niliyoihudhuria.

Rafiki yake Stafford Beer, Mwingereza mshauri wa viwanda, aliichukua kanuni ya majibu mengi akaipeleka Chile, ambako serikali ya Salvador Allende ilimwalika mwaka 1971. Walitandaza mashine za teleksi viwandani ili kila kiwanda kitatue lake, na makao makuu yaguswe tu tatizo linapozidi. Oktoba 1972 wenye malori waligoma nchi nzima. Serikali ilitumia teleksi zile kujua barabara ipi imefungwa, lori lipi bado linatembea na mafuta yako wapi, na chakula kikaendelea kusafirishwa kwa malori machache. Septemba 1973 jeshi liliipindua serikali, na kazi yote ikaishia hapo.

Ashby hakuyaona mapinduzi hayo. Alikuwa amerudi Uingereza, na katikati ya mwaka 1972 madaktari waligundua uvimbe katika ubongo wake usioweza kupasuliwa. Alifariki Novemba 15, 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Daftari zote 25 zilibaki na familia kwa miaka 30, kisha mwaka 2003 mabinti zake wakazikabidhi kwa Maktaba ya Uingereza. Mwaka 2008 kurasa zake ziliwekwa kwenye intaneti, pamoja na zile kadi za faharasa.